Nilikataza Nisichokijua



Makala ya leo si mawaidha kama mlivyoyazoea kutoka kwangu. Ni ya kukiri kosa. Miaka miwili iliyopita, katika darsa baina ya Magharibi na Isha hapa Mombasa, nilisema kwamba gemu wanazocheza vijana kwenye televisheni na simu ni haramu zote, kubwa kwa ndogo, na kwamba mwenye kuzishika anajitengenezea makazi motoni. Kijana mmoja alinirekodi. Kipande kile cha dakika mbili kikazunguka katika makundi ya WhatsApp, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi nilipoambiwa kwamba kimefika mbali. Sikujua kwamba kimefika Kawangware, nyumbani kwa dada yangu.

Huyu dada ni mdogo wangu wa mwisho. Aliolewa Nairobi na Mnubi wa Kibera, na mumewe akafariki akamwachia watoto wawili. Wasomaji wengi wa Pwani wakisikia Kibera hufikiria mabati na matope tu, na hawajui kwamba mji ule ulianza kwa Waislamu. Wanubi ni kizazi cha askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, na serikali ya kikoloni ikawapa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe ni la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Mtaa wa Makina ungali na nyumba za Wanubi na misikiti yao, na huko ndiko aliko bibi mzaa baba wa mpwa wangu. Dada mwenyewe anakaa Kawangware, anauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Kila Jumamosi na Jumapili mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, hutoka Kawangware kwenda Makina kusoma madrasa, kisha hushinda kwa bibi yake.

Mwishoni mwa Julai mwaka jana dada alinipigia simu baada ya Isha. Maalim wa madrasa alikuwa amempigia kumuuliza kama mtoto ni mgonjwa, kwani ilikuwa wiki ya tano hajamwona. Siku hiyo hiyo mwalimu wa shule naye akamwambia kwamba mtoto hajalipa pesa za chakula cha mchana tangu muhula uanze. Dada alikuwa akimpa shilingi 40 kila asubuhi. Tulipiga hesabu pale pale kwenye simu: wiki 9, siku 5 kila wiki, ni shilingi 1,800. "Kaka," akaniambia, "mtoto amekonda, na mimi nilidhani anakua. Naogopa ameingia kwenye bangi. Njoo umchukue. Mimi nimeshindwa."

Nikapanda treni ya asubuhi nikiwa nimekwisha kata shauri. Nitamrudisha Mombasa, nimtie katika madrasa ya bweni, na jambo limekwisha.

Jumamosi kijana alivaa kanzu yake, akachukua mkoba na kuaga kwamba anakwenda chuoni. Nikamwambia tutakwenda pamoja, na tutakwenda kwa miguu. Tulishika Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, tukaingia Ngong Road, tukaipita Adams Arcade na kukata kulia kuelekea soko la Toi. Ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Mtoto hakunena neno. Tulipofika nyuma ya soko nikasimama, nikamwambia: "Mwanangu, sitakupiga wala sitakutukana. Nionyeshe mahali unapokwenda."

Akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akapita mbele.

Tuliingia katika kibanda cha mabati kisichozidi hatua sita kwa nne. Ndani mlikuwa na televisheni nne ukutani, mabenchi, na vijana kiasi cha kumi na watano, wengine wamekaa na wengine wamesimama nyuma yao. Niliingia na kanzu na kofia yangu, na kibanda kizima kikanyamaza isipokuwa zile televisheni. Mwenye banda, kijana wa miaka thelathini hivi, si Muislamu, aliinuka akaniamkia kwa adabu na kunipisha kiti chake. Sikusikia harufu ya bangi wala sigara. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba mwenye sare ya shule haruhusiwi, na nyingine ya bei: shilingi 10 kwa mechi katika mashine za zamani, na shilingi 20 katika mashine mpya.

Nikamwambia mpwa wangu, "Haya, nifundishe. Mimi sijui kitu."

Hapo, wasomaji wangu, mtoto aliyekuwa bubu njia nzima alifunguka ulimi. Akanionyesha kwanza mashine yenyewe, kisanduku cheusi kilichokwaruzika kila upande. Hiyo ni PlayStation 2 ya kampuni ya Sony ya Japani. Ilitoka mwaka 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hata hakuna mashine ya aina hiyo iliyowahi kuuzwa kuliko hiyo. Imemzidi umri yeye mwenyewe, na ingali inafanya kazi. Pembeni yake ilikuwepo PlayStation 3, na ile ya shilingi 20 ilikuwa PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013. Akaniambia kwamba kampuni ya Microsoft ya Marekani ina yake iitwayo Xbox, na Nintendo ya Japani inayo Switch ambayo mtu huweza kutembea nayo, lakini hizo ni za nyumba za matajiri na hajapata kuzigusa.

Kisha akanieleza gemu zenyewe, maana mimi nilidhani zote ni kitu kimoja. Kuna ya mpira, ambayo miaka yote iliitwa FIFA na tangu 2023 ikabadilishwa jina kuwa EA Sports FC. Hiyo ndiyo inayopendwa zaidi kibandani. Kuna za mbio za magari. Kuna za ngumi na mateke, kama Tekken, ambapo watu wawili hupambana hadi mmoja aanguke. Kuna za bunduki. Kuna ile iitwayo Grand Theft Auto, ambayo mchezaji huwa ni mhalifu, akaiba magari na kuua watu barabarani. Na kuna ya kujenga iitwayo Minecraft, ambayo mtoto huchimba mawe na kukata miti akajijengea nyumba na miji. Dada yake mdogo, mwenye umri wa miaka 10, ana yake kwenye simu ya mama, ya kupanga vipande vinavyodondoka hadi vijaze mstari. Baadaye nilisoma kwamba mchezo huo, Tetris, ulibuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta.

Nilikaa kucheza mpira. Mpwa wangu alinishika vidole akaviweka juu ya pedi: hiki cha kupasi, hiki cha kupiga, hiki cha kukimbia. Nilifungwa mabao 7 kwa bila. Vijana walicheka, nami nikacheka. Lakini lililonigusa ni subira ya yule mtoto. Nilikosea kitufe kile kile mara kumi, na kila mara alinirudishia kidole mahali pake bila ya kupandisha sauti. Nikakumbuka nilivyomfundisha herufi alipokuwa na miaka sita, likizo moja huko Mombasa, na namna nilivyokuwa nikigonga meza kila alipokosea.

Mechi ilipokwisha nilitoa shilingi 20 nikampa mwenye banda. Kijana mkubwa aliyekuwa nyuma yetu akasema, "Sawa, Ustadh. Umeshindwa, unalipa."

Nikauliza maana yake. Wakaniambia ndiyo desturi ya kibanda: aliyeshindwa hulipa mechi nzima, na mshindi hukaa kumngojea mwingine. Anayejua hucheza kutwa bila ya kutoa senti. Nikamwangalia mpwa wangu, naye akainamisha kichwa. Nikamchukua nje, tukakaa juu ya jiwe karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza sukuma wiki.

Maneno yakatoka kidogo kidogo. Alianza kuja kibandani kwa nauli ya Jumamosi, akatembea kwa miguu ili acheze mechi chache. Akawa anashindwa na wakubwa, kwa hiyo akawa analipia yeye na wao. Kisha wakubwa wawili wakamwambia waweke na shilingi 50 juu yake, aliyeshindwa ampe aliyeshinda. Aliposhindwa alikopa, na alipokopa alitaka kushinda ili alipe. Ndipo zile shilingi 40 za chakula zikaanza kukatika. Mtoto alikuwa akikaa na njaa shuleni kuanzia asubuhi hadi jioni ili alipe deni la mchezo.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia mama? Kwa nini hukumwambia maalim wako, au mimi?"

Akasema, "Mjomba, nilikusikia kwenye simu ya mama. Ulisema anayecheza ni wa motoni. Nilikuwa nimeshacheza. Nikaona basi, mimi nimeshaandikwa. Madrasa ya nini tena?"

Naapa kwamba katika miaka yangu ya kukaa mbele ya watu sijapata kusikia neno lililonikata kama hilo. Mtoto hakuacha madrasa kwa sababu ya gemu. Aliiacha kwa sababu ya ulimi wangu. Nilimfungia mlango wa rehema ambao Mwenyezi Mungu hajamfungia hata muuaji anayetubia, na nilimfungia kwa jambo ambalo sikuwa nimekaa nalo hata robo saa.

Usiku ule, kwa dada yangu, sikulala. Nilikumbuka ujana wangu mwenyewe. Mimi nilikuwa mchezaji wa keramu. Nilikuwa nikitoroka chuoni kwenda kucheza, na maalim wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinichapa kwa hilo zaidi ya mara moja. Lakini hata siku moja hakuniambia kwamba mimi ni wa motoni. Alinichapa kwa kutoroka, akanirudisha mstarini na kunisomesha. Na baba yangu alikuwa akikaa barazani na wenzake wakipiga dhumna tangu Alasiri, akiinuka kwa adhana na kurudi baada ya sala, na hakuna aliyemwita fasiki.

Nikakumbuka pia yale niliyosomeshwa na nikayasahau nilipokuwa mbele ya simu ya yule kijana. Wanazuoni wetu walikwisha kukutana na suala hili zamani, katika sataranji. Maimamu wengi waliikataza. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa Pwani twamfuata, aliichukia lakini hakuiharamisha, na wanafunzi wa madhehebu yake wakaweka mipaka: pasiwe na dau, sala isipitwe na wakati wake, na ulimi usitoke katika heshima. Walitofautisha baina ya mchezo wa kufikiri na mchezo wa kete za bahati. Yaani walikaa, wakatazama mchezo unavyochezwa, ndipo wakahukumu. Mimi nilihukumu kwanza.

Na nani katika nyinyi, kina mama, asiyejua habari za Bibi Aisha (R.A.)? Alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na miongoni mwao farasi mwenye mabawa. Mtume alipomuuliza habari ya farasi huyo, alijibu kwamba farasi wa Nabii Suleimani walikuwa na mabawa, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Siku ya Idi Wahabeshi walipocheza na mikuki msikitini, alimsitiri Aisha akatazama, wala hakumwondoa hadi alipotosheka mwenyewe. Mchezo haukuwa kitu cha aibu katika nyumba ile.

Sisemi kwamba gemu zote ni halali. Ningesema hivyo ningekuwa nimetoka katika kosa moja nikaingia katika jingine. Ninalosema ni kwamba ndani ya kibanda kile mlikuwa na haramu ya wazi, ambayo Qurani imeitaja kwa jina lake katika Suratul Maidah, nayo ni kamari. Watu wawili wanapokaa, kila mmoja yu baina ya kupata na kupoteza mali kwa matokeo ya mchezo, basi hiyo ni kamari, iwe ni shilingi 50 za mkononi au ni ile desturi ya aliyeshindwa kuwalipia wote wawili. Kila mmoja akilipa fungu lake, au akilipa mtu wa tatu asiyecheza, tatizo hilo huondoka. Mimi katika dakika zangu mbili za ukali sikuligusa jambo hili hata kwa neno moja. Nilikataza bahari nzima, na mtoto akazama penye mkondo ambao sikumwonyesha.

Wala kamari hiyo haiko vibandani tu. Katika gemu nyingi za siku hizi kuna vifurushi ambavyo mchezaji hununua kwa pesa za kweli bila ya kujua kilichomo. Akibahatika hupata mchezaji hodari wa mpira au silaha nzuri, na asipobahatika hununua tena. Mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kamari nchini Ubelgiji iliamua kwamba vifurushi vya namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA katika nchi hiyo. Hiyo si nchi ya Kiislamu. Walitazama tu mtoto anafanywa nini, wakaliita jambo kwa jina lake. Basi mama ambaye namba yake ya siri ya M-Pesa inajulikana na mwanawe na aangalie.

Jambo la pili ni yaliyomo. Gemu zinazouzwa Ulaya huwekwa namba kwenye jalada kuonyesha umri unaofaa: 3, 7, 12, 16 au 18. Mpira una namba 3. Minecraft ina 7. Ile ya kuiba magari na kuua watu ina 18, na mchana ule nilimwona mtoto asiyezidi miaka tisa akiicheza. Namba hiyo si fatwa, lakini ni onyo lililotolewa na wenye biashara wenyewe, na mzazi haitaji elimu ya kompyuta kuisoma.

La tatu ni wakati. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini halikusema kila mchezaji ni mgonjwa. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea nao ingawa anaona unamdhuru, kwa muda ambao aghalabu hufika mwaka mzima. Sisi Waislamu tuna kipimo chepesi zaidi, nacho ni adhana. Anayeweza kuweka pedi chini adhana inapoadhiniwa bado anaumiliki mchezo.

Asubuhi ya Jumapili nilirudi Kibera na kijana. Tulianza kwa mwenye banda. Nilimuuliza mpwa wangu anadaiwa kiasi gani kwa mechi alizocheza kwa mkopo, na ikawa shilingi 260. Nikazilipa, kwa kuwa ile ni haki ya mtu aliyetoa huduma. Wale vijana wawili walidai shilingi 550 nyingine za madau. Nikawaambia hilo si deni. Pesa ya kamari haina mdai, na kama wangekuwa wamekwisha kuichukua ingewapasa kuirudisha. Mmoja alinuna akatoka. Wa pili, ambaye niligundua kwamba ni Muislamu na jina lake ni la sahaba, alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Ustadh, kwani kucheza kwenyewe si haramu?" Nikamwambia yale niliyoyaandika hapa. Akasema hakuwahi kuambiwa hivyo. Zaidi ya nusu saa tulikaa juu ya benchi tukizungumza, na vijana wengine wakaacha televisheni wakaja kusikiliza. Sijapata darsa bora kuliko ile mwaka mzima.

Mwenye banda alinisikiliza pia. Alisema ile desturi ya aliyeshindwa kulipa hakuileta yeye, aliikuta katika kila kibanda, na ugomvi mwingi humo ndani hutokana nayo. Aliahidi kwamba kwa watoto wadogo kila mmoja atalipa yake kabla ya kuanza. Nilipopita tena mwezi wa Disemba niliona ameiandika ukutani.

Kwa dada yangu mambo hayakuwa mepesi. Alitaka mtoto aende Mombasa, na alikuwa na haki ya kukasirika. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kuumua unga ili zile shilingi 40 zipatikane. Nilimwambia kwamba nikimchukua mtoto sasa, atajua kwamba amefukuzwa. Tukakubaliana mbele ya mtoto mwenyewe. Atacheza Jumamosi baada ya madrasa, saa moja, kwa pesa atakayoipata kwa kumsaidia mama kuosha sufuria na kubeba maji. Hatacheza kwa dau, wala hatagusa ile ya namba 18. Na zile shilingi 1,800 atazirudisha kwa kazi, kidogo kidogo, na mama ataziandika katika daftari.

Alilivunja sharti mara moja, mwezi wa Septemba, akachelewa hadi Magharibi ikampita. Tofauti ni kwamba safari hii alinipigia simu mwenyewe, usiku ule ule, akaniambia. Nikamwambia ailipe sala yake na aende akamwombe mama radhi. Madrasa hajaikosa tena. Maalim wake ananiambia yuko Suratul Mulk. Katika daftari bado anadaiwa shilingi 700.

Nina neno kwa kina mama, kwa kuwa nyinyi ndio mlio karibu. Mwombeni mtoto awafundishe gemu yake, hata mara moja, hata kama vidole vyenu havitaki. Mtajua jina lake, mtajua anacheza na nani, na mtaona kama pana pesa ndani yake. Msiwasahau wasichana mkadhani haya ni ya wavulana. Mkenya anayejulikana zaidi katika Tekken ni mwanamke, Sylvia Gathoni, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni akiwa mwanafunzi wa sheria. Wasichana wetu wanazo simu mikononi na wanacheza, mkijua au msijue. Na mtoto anapowaambia jambo baya alilolifanya, msianze na moto. Muanze na chakula, maana huenda ana njaa.

Na kwa yule kijana aliyenirekodi, na wote walio na kipande kile katika simu zao: nawaomba mkifute. Kama mmekituma kwa mtu, mtumieni na makala haya.

Ewe Mwenyezi Mungu, tusamehe yale tuliyoyasema bila ya elimu, uwalinde watoto wetu na kila lenye kudhuru, na utupe sisi wazee wao subira ya kuwasikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.